Nani Aliachia Kamba

Kibanda cha Kapela, Kanyenye, Jumamosi baada ya alasiri.
Kufuli zimening'inia ukutani
kama popo waliolala midomo wazi.
Kitabu ni kimoja, sisi watano,
na juzuu la tatu limeshaoga chai mara mbili.

Tumekwama pale pale, juu ya mnara wa Hazimu,
mfalme alikofungia usingizi wa mji mzima ndani ya mitungi.
Nyenyere mwizi ameupata mmoja, wa mama yake,
na chini yake, kwenye kamba, ananing'inia Sombo
aliyemfundisha kuiba.
Aya inaisha.
Aya inayofuata, kamba ni nyepesi.

"Kamwachia," anasema Nyanzala, bado na sare ya wodi.
"Mtungi mkono huu, mtu mkono huu. Kachagua mtungi.
Simsamehi, hata aurudishe usingizi wa dunia nzima."
Anasema hivyo, naye hajalala tangu juzi.

Kapela hana habari na Sombo. Kinachomuuma ni mlango.
"Kufuli ya vyuma saba, kwa mfupa wa samaki?
Mwandishi huyu hajawahi kufungiwa nje ya nyumba yake."
Anatoa mfukoni mfupa wa sato. Ameujaribu usiku kucha.
Ncha imevunjika.

Mwalimu Kasubi anadai hiyo ni hila ya biashara:
Sombo atazuka juzuu la tano
na ndevu, na kovu, na sababu ndefu.
"Maiti hatukuonyeshwa. Asiyezikwa hajafa."
Nikamwambia, Mwalimu, wako wengi wasiozikwa.
Nilisema tu. Nilijuta kidogo.

Mimi nilishika kwamba Sombo alikata mwenyewe,
kwa kile kisu cha sura ya pili.
Kisu hakitajwi bure. Nimekisubiri kurasa mia tatu.

Tukabishana mpaka treni ya Mpanda ikapiga honi
na karanga zikabaki maganda.
Mihayo kimya. Mihayo huchimba visima,
Uyui, Sikonge, popote maji yalipokimbilia chini;
husoma polepole, kidole chini ya neno,
kama mtu anayehesabu fedha ya mwenzake.

"Someni anapopewa uji," akasema.

Tukasoma. Bibi wa sokoni anampa Nyenyere bakuli,
naye analiweka chini, anainama,
anakunywa kama mbuzi.
Tulidhani ni majonzi. Mwalimu alishaandika pembeni,
kwa penseli: *kiburi*.

"Hawezi kulishika," akasema Mihayo.
"Aliyeachia kamba kwa hiari yake hushika bakuli.
Kamba ikikutoka huku umeing'ang'ania
huondoka na ngozi."

Kisha akafunua kiganja, si kutuonyesha,
alikuwa anatafuta karanga kwenye maganda.
Kilikuwa laini, kinang'aa,
hakina hata ule mstari ambao wapiga ramli huusomea umri.

"Wangempaka asali," akasema Nyanzala, kwa sauti ya wodini.
"Walinipaka," akasema Mihayo.

Hatukuuliza nani alikuwa chini.
Kapela akakohoa, akasema hata hivyo,
mlango ule haufunguki.

Tulipoinuka, juzuu la nne halikuwepo mezani.
Zamu ilikuwa ya Mwalimu. Tukainua benchi,
tukapekua debe la funguo zilizokosa nyumba;
mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote.
Kapela akafunga kibanda, kufuli tatu,
akazivuta moja moja, akatutazama.

Sasa ni saa tisa usiku, Isevya, mbwa wamechoka kubweka.
Nimelitoa chini ya shati. Limepata joto langu.
Sura ya kwanza, mstari wa kwanza:
mikono ya Nyenyere imefungwa vitambaa.

Nitamwambiaje Mihayo bila kukiri?